Kugawana faida bila kugombana: tuhesabu pamoja

Ndugu wakulima, mavuno ya mahindi yamepita. Mifuko imeshuka kwa njia ya Nyunzu na ya Bendera, mingine imefika kwa boti kutoka upande wa Moba, na vikundi vingi vimeshauza Kalemie mjini. Sasa feza iko ndani ya kese, na kila kikao kina swali moja: «Tutagawana lini?»

Tunawaomba mutangulize swali lingine: tutagawana namna gani?

Koperative inaweza kuvumilia mvua iliyochelewa. Inaweza kuvumilia lori lililolala njiani siku tatu. Lakini siku ya kugawana ikienda vibaya, watu hawarudi. Wanasema «Banatukula», na msimu unaofuata kila mtu anamuuzia mchuuzi aliyesimama kando ya barabara, kwa bei ya mchuuzi. Mara nyingi hakuna hata aliyeiba. Hesabu haikueleweka tu, ao kanuni ilitungwa siku feza iko mezani, wakati kila mmoja anavutia upande wake.

Ndiyo maana katika toleo hili tunapiga hesabu yote, tangu mfuko wa kwanza mpaka faranka ya mwisho. Chukueni kaye na kalamu, ao simu ya kuhesabia, mufuate pamoja nasi. Bei tunazoandika ni za mfano tu. Nyinyi mutaweka za kwenu.

Mafuta kwanza, fungu baadaye

Wavuvi wa ndakala hapa ziwani Tanganyika wanajua somo la kwanza. Asubuhi mtumbwi unapofika, hakuna anayegawana samaki yote iliyouzwa. Kwanza wanatoa feza ya mafuta na ya taa, na chakula kilichokopwa. Kisha mwenye mtumbwi na nyavu anapata fungu lake, na wavuvi wanagawana fungu lao. Kila kundi lina mapatano yake, lakini mpango ni ule ule: gharama zinatoka mbele, na mafungu yanajulikana kabla ya kuingia ndani ya maji.

Na sisi wakulima tufanye vivyo hivyo. Feza iliyo ndani ya kese siyo faida. Ndani yake kuna feza ya wakulima waliotoa mahindi, feza ya lori, feza ya mlinzi, na feza ya kununua mizani nyingine siku hii itakapokufa. Zikishatoka hizo zote, kinachobaki ndicho ziada. Hiyo peke yake ndiyo ya kugawana.

Tuchukue mfano wa koperative ndogo yenye memba watano. Hatuwapi majina, tuwaite A, B, C, D na E. Mwaka huu walileta mifuko 100 ya mahindi, kila mfuko kilo 100 kwenye mizani:

A alileta mifuko 40.
B alileta mifuko 25.
C alileta mifuko 15.
D alileta mifuko 12.
E alileta mifuko 8.

Siku ya kupokea mahindi, koperative ililipa kila memba faranka 60.000 kwa mfuko. Hiyo ni feza ya kwanza, avansi. Jumla yake ni 6.000.000.

Mifuko 2 iliharibika ndani ya depo kwa ajili ya panya na unyevu. Mifuko 98 iliuzwa Kalemie kwa 90.000 kila mmoja. Feza iliyoingia ni 8.820.000.

Gharama zilikuwa hizi:

Lori, mifuko 100 kwa 9.000: 900.000.
Mifuko mitupu na uzi wa kushonea: 150.000.
Depo na mlinzi: 180.000.
Takse za njiani na za soko, zenye risiti: 120.000.
Wabebaji: 100.000.
Simu na safari ya muuzaji: 50.000.
Uchakavu wa mizani na mabashi: 120.000.

Jumla ya gharama ni 1.620.000.

Sasa tutoe: 8.820.000, toa 6.000.000 ya avansi, toa 1.620.000 ya gharama. Inabaki 1.200.000. Hiyo ndiyo ziada ya mwaka.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, ile mifuko 2 iliyoharibika. Ni hasara ya nani? Kama mahindi yalipimwa, yakaonekana mazuri na kuandikwa, tangu saa ile ni ya koperative, na hasara ni ya wote. Kwa sababu hiyo yapaswa kukaguliwa vizuri mlangoni, mbele ya mwenyewe. Njia moja rahisi: weka chumvi kavu kidogo ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza punje za mahindi, tikisa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yangali mabichi. Mwenyewe ayarudishe juani. Afazali kukataa mfuko mmoja leo kuliko kugombania mitano kesho.

La pili ni ule uchakavu. Hapo wengi wanauliza: «Hiyo feza tulimlipa nani?» Jibu: hatujamlipa mtu. Mizani na mabashi vilinunuliwa 600.000, na tunategemea vitatumika miaka 5. Kila mwaka vinakula 120.000 ya maisha yao. Feza hiyo inawekwa pembeni, ili mwaka wa sita tusianze kuchangisha upya.

Mashini ya kusaga: musije mukaila yenyewe

Uchakavu unaonekana zaidi kwenye mashini ya kusaga, hasa pale watu wawili wanaposhirikiana: mmoja alileta mashini, mwingine anaiendesha. Mfano wa mwezi mmoja:

Feza ya wateja: 900.000.
Mazutu: 380.000.
Vipuri na mafuta ya mashini: 60.000.
Malipo ya anayeendesha: 150.000.
Uchakavu: mashini ilinunuliwa 3.600.000, tunahesabu itafanya kazi miezi 36, basi ni 100.000 kwa mwezi.

Inabaki 210.000. Kama walipatana nusu kwa nusu, kila mmoja anapata 105.000.

Wakisahau uchakavu, wataona 310.000 na kila mmoja atabeba 155.000 nyumbani. Wote watafurahi, kwa miaka mitatu. Kisha mashini itakufa, na ndani ya kese hamna kitu. Mwenye mashini atasema alidanganywa, na mwenzake atasema alifanya kazi vizuri. Wote wawili wanasema kweli: walikuwa wanakula mashini yenyewe, kidogo kidogo kila mwezi, na wakiita hicho faida.

Tena angalieni kwamba anayeendesha alilipwa kwanza kazi yake, 150.000, kabla ya kugawana. Hiyo ni kanuni ya kushika: jasho linalipwa mbele, kama gharama. Memba anayelinda depo usiku, anayeandika kaye, ao anayekwenda Kalemie kutafuta bei, apatane na koperative juu ya malipo yake kabla ya kuanza. Mukimwambia «tutakuona wakati wa kugawana», mumetengeneza ugomvi wa kesho.

Sheria inasema nini

Turudi kwa memba wetu watano na ziada yao ya 1.200.000. Je, wagawane yote? Hapana.

Nchi yetu iliingia ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria zake zinatumika Kongo tangu tarehe 12 septemba 2012. Kabla ya hapo koperative zilifuata dekreti ya tarehe 24 machi 1956, ya wakati wa wakoloni. Sheria ya OHADA juu ya koperative ilipitishwa Lomé, nchini Togo, tarehe 15 desemba 2010. Inajua aina mbili: koperative nyepesi, inayoanza na watu 5, na koperative yenye baraza la uongozi, inayoanza na watu 15. Katika zote mbili, kila memba ana sauti moja kwenye mkutano mkuu, awe na hisa moja ao hisa mia.

Juu ya ziada, sheria hiyo inaagiza akiba mbili. Moja ni akiba ya jumla, ya kushikilia koperative mwaka mbaya ukifika. Nyingine ni ya mafunzo, ili memba wafundishwe kazi na kanuni za koperative. Kila moja inapata asilimia 20 ya ziada, isipungue hapo, mpaka ifikie kiasi cha kapitali kilichoandikwa ndani ya statuti.

Memba wetu watano wana hisa 20, kila hisa 50.000. Kapitali yao ni 1.000.000, na akiba zao zingali chini. Kwa hiyo wanatoa:

Akiba ya jumla: 240.000.
Akiba ya mafunzo: 240.000.

Inabaki 720.000 ya kugawana kati ya watu.

Tunajua mutasema hiyo 480.000 ni nyingi. Ni kweli, inauma. Lakini fikirini mwaka ambao lori litazama njiani, ao mtu atakayenunua mahindi atalipa nusu na kupotea. Kikundi kisicho na akiba kitarudi kuomba kwa mchuuzi, na mchuuzi atakopesha juu ya mahindi yangali shambani. Hata kikundi ambacho hakijaandikishwa kwenye rejesta ya koperative kitafanya vizuri kikizoea kanuni hii mapema.

Njia tatu za kugawana 720.000

Hapa ndipo penye kazi. Hisa za memba wetu haziko sawa na mifuko yao. A, aliyeleta mifuko 40, ana hisa 2. B ana 3. C ana 2. D ana 3. E, anayekaa mjini na kufanya biashara kidogo, alileta mifuko 8 tu, lakini ana hisa 10. Feza yake ndiyo ilinunua sehemu kubwa ya mizani.

Njia ya kwanza: sawa kwa sawa. Kila mmoja anapata 144.000. Ni rahisi, na inaonekana ya kindugu. Lakini A atasema: «Mie nilileta mifuko makumi ine, yule munane, na tunapata moja?» Mwaka ujao ataleta mifuko 10 na kuuza 30 barabarani. Na akifanya hivyo wote wanaumia. Depo, mlinzi, simu na uchakavu vilikula 350.000. Kwa mifuko 100, ni 3.500 kwa mfuko. Kwa mifuko 70, ni 5.000 kwa mfuko. Usawa huo unakwenda kumlipisha hata yule aliyeufurahia.

Njia ya pili: kufuata hisa. Kila hisa inapata 36.000. A anapata 72.000, B 108.000, C 72.000, D 108.000, na E 360.000. Hii ndiyo njia ya kompani za wafanyabiashara. E anapata nusu nzima, na mifuko yake ni 8 tu kati ya 100. Waliolima, wakapalilia, wakavuna na kubeba, wanageuka wafanyakazi wa mwenye feza. Basi, tofauti kati ya koperative na mchuuzi iko wapi?

Njia ya tatu: kufuata mazao. Kila mfuko unapata 7.200. A anapata 288.000, B 180.000, C 108.000, D 86.400, na E 57.600. Hii ndiyo njia ya koperative. Fungu hilo ndilo wengi wanaliita risturni: feza inayorudi kwa memba kulingana na kazi aliyofanya pamoja na koperative yake. Sheria ya OHADA inakubali statuti ziweke risturni hiyo, kwa kipimo cha mazao yaliyopita ndani ya koperative ao cha kazi iliyofanywa.

Lakini E naye ana neno la haki: «Kama feza yangu haizai kitu, kwa nini niiache huko?» Bila hisa zake hakuna mizani. Sheria inaruhusu hisa zilipwe faida kidogo, ikiwa statuti zinasema hivyo, na inaiwekea mpaka isipite. Kwa hiyo koperative nyingi zinaweza kuchanganya: kidogo kwa hisa, kilicho kikubwa kwa mazao.

Tuseme statuti zao zinalipa asilimia 6 juu ya hisa. Kapitali ni 1.000.000, basi hisa zote zinapata 60.000, yaani 3.000 kwa kila hisa. Inabaki 660.000, yaani 6.600 kwa kila mfuko. Hesabu inakuwa hivi:

A: hisa 6.000 + mifuko 264.000 = 270.000.
B: hisa 9.000 + mifuko 165.000 = 174.000.
C: hisa 6.000 + mifuko 99.000 = 105.000.
D: hisa 9.000 + mifuko 79.200 = 88.200.
E: hisa 30.000 + mifuko 52.800 = 82.800.

Jumlisheni mwenyewe: ni 720.000 kamili. Kama jumla haitoki sawa, musigawe hata faranka moja mpaka kosa lionekane.

E hakupata 360.000 aliyoota. Lakini feza yake imezaa 30.000, hisa zake 10 zingali zake, na akitaka fungu kubwa njia iko wazi: alete mifuko mingi. A naye anaona kwamba kila mfuko aliobeba umehesabiwa. Hakuna aliyepata kila alichotaka, na hakuna aliyetoka mikono mitupu.

Watu 28 wa Rochdale

Njia hii haikutungwa maofisini. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo wenye mshahara mdogo, walikusanya kila mmoja pauni moja na kufungua duka lao tarehe 21 desemba. Waliuza unga, siagi, sukari na vitu vingine vichache vya nyumbani, kwa kipimo cha kweli. Mwisho wa hesabu waliilipa kapitali faida yenye mpaka, na ziada iliyobaki waliigawa kwa kufuata manunuzi ya kila memba. Aliyenunua sana alirudishiwa zaidi. Kila mtu alikuwa na sauti moja.

Sisi watu wa Kalemie tunaelewa mji wa wafumaji; wazee wetu wanakumbuka nguo za Filtisaf. Wale wa Rochdale hawakuwa matajiri kuliko sisi. Kilichowasaidia ni kwamba kanuni ya kugawana iliandikwa mwanzoni, kabla faida haijaonekana, na watu wakajua kila mara wanaponunua kwamba kitu kinaandikwa kwa jina lao. Kanuni zao ndizo zilizaa zile ambazo koperative za dunia nzima zinafuata mpaka leo.

Na vikundi vya AVEC je?

Wengi wenu, hasa mama zetu, muko pia ndani ya vikundi vya AVEC, vya kuweka na kukopeshana. Huko mwisho wa mzunguko munagawana kwa kufuata hisa mulizonunua kila juma. Musiseme basi tumewadanganya. Kwenye AVEC, kila memba analeta feza tu, na faida inatoka kwenye mikopo ya feza ile. Hisa ndizo zinazofanya kazi, kwa hiyo hisa ndizo zinazolipwa. Kwenye koperative ya mahindi, mazao ndiyo yanayofanya kazi kubwa.

Likelemba nayo ni kitu kingine: hakuna faida, ni zamu tu ya kupokea. Kila chombo na kipimo chake. Hatari inakuja pale kikundi kimoja kinapofanya yote matatu ndani ya kese moja na kaye moja. Tenganisheni kese, tenganisheni kaye.

Jina la nani liko ndani ya kaye?

Risturni inafuata mazao, na mazao yanafuata jina lililoandikwa. Hapo kuna jambo linalotuumiza. Mara nyingi mama ndiye analima, anavuna na kuleta meka kwa meka na beseni kwa beseni, lakini kaye inaandika jina la baba, ao haiandiki kitu kwa sababu «ni kidogo». Meka 10 zilizoletwa mara tano ni mahindi ya kweli. Yapimwe kilo, yaandikwe siku ile ile, kwa jina la memba aliyeyaleta.

Na mama anaweza kuwa memba kwa jina lake. Sheria ya tarehe 15 julai 2016 iliyobadilisha Kodi ya Familia iliondoa ile kanuni ya zamani ya mke kuomba ruhusa ya mume. Sasa mume na mke wanapaswa kukubaliana. Kama nyumba moja ina memba wawili, kila mmoja apokee fungu lake mkononi mwake na atie sahihi yake ao kidole chake.

Faranka, dola na simu

Kalemie tunauza mara kwa faranka, mara kwa dola. Hapo faida inaweza kupotea bila mwizi. Mukiuza kwa dola mwezi wa tano na kugawana kwa faranka mwezi wa nane, bei ya dola imeshabadilika. Chagueni feza moja ya kuhesabia, muiandike ndani ya kanuni. Kila mara feza inapobadilishwa, kesie aandike tarehe, kiasi, bei ya siku ile, na aliyebadilisha. Tofauti ikileta faida, ni ya koperative. Ikileta hasara, ni ya koperative pia. Isiwe ya kesie, kwa upande wowote.

Vilevile munapotuma feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, kutoa feza kunalipishwa. Patana mapema: je, ni gharama ya wote, ama kila anayepokea anajilipia? Memba mwenye 82.800 asishangae kukuta 80.000 na kitu, halafu aanze kushuku komite. Ujumbe wa simu uhifazi kama risiti.

Kaye nne zinatosha

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hamuhitaji muhasibu wa mjini. Kaye nne zinatosha kwa koperative ndogo:

1. Kaye ya mapokezi: tarehe, jina, kilo, avansi iliyolipwa, sahihi. Andikeni kilo, mfuko si kipimo, maana kuna mfuko wa kawaida na kuna ule uliopandishwa kilemba.

2. Kaye ya kese: kila feza inayoingia na inayotoka, pamoja na namba ya risiti. Takse isiyokuwa na risiti iandikwe na mashahidi wawili, isiachwe hewani.

3. Kaye ya hisa: nani ana hisa ngapi, alilipa lini.

4. Kaye ya vitu: mizani, mabashi, mashini, bei ya kununua, miaka itakayotumika, na uchakavu wa kila mwaka.

Kutokana na kaye hizi nne, mtu yeyote aliyefika darasa la sita anaweza kurudia hesabu yote tuliyopiga hapa. Hicho ndicho kipimo cha hesabu nzuri: memba anaweza kuirudia mwenyewe, nyumbani, na kufikia namba ile ile.

Siku ya mkutano mkuu

Siku ya kugawana ifuate mpangilio huu. Siku chache mbele, hesabu ibandikwe mahali watu wanapopita, ili wenye maswali wayalete mapema. Kwenye mkutano, kesie asome namba kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanaelewa, na mtu wa pili aandike kwenye ubao. Watu wa uangalizi, ambao hawashiki kese, waseme kama waliona risiti zote. Mkutano ukubali hesabu kwanza, kisha akiba zitolewe, kisha hisa, mwishoni risturni. Deni la memba, kama alikopa mbegu ama mbolea, litolewe kwenye fungu lake mbele yake, na aonyeshwe ukurasa. Kila mmoja ahesabu feza yake pale pale, atie sahihi.

Na kabla ya kufunga mkutano, komite ijibu swali moja ambalo halikwepeki: je, kuuza pamoja kulitusaidia? Katika mfano wetu, kila mfuko ulipata 60.000 ya avansi na 6.600 ya risturni, jumla 66.600, na tena 4.800 kwa kila mfuko zimebaki ndani ya akiba za koperative. Kama mchuuzi wa barabarani alikuwa analipa 62.000, jibu ni ndiyo, na kila mmoja anaweza kulionyesha nyumbani kwake. Kama alikuwa analipa 70.000, musifiche. Tafuteni feza ilipotelea wapi: lori lilikuwa ghali? mahindi yalikaa sana ndani ya depo? takse zilizidi? Hesabu inayosema ukweli mchungu ina faida kuliko ile inayofurahisha.

Kanuni ya mwaka ujao iandikwe sasa

Ikiwa kikundi chenu hakikuwa na kanuni mwaka huu, gawaneni mara hii kwa njia ambayo mkutano utakubali, na muandike kwamba ni ya mara hii tu. Halafu, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, mwezi wa tisa, kutaneni tena bila feza mezani. Mukubaliane juu ya mambo matano: avansi ni kiasi gani kwa kilo, nani analipwa kwa kazi gani, uchakavu unahesabiwa vipi, hisa zinapata asilimia ngapi, na kinachobaki kinafuata mazao kwa kipimo gani. Andikeni, someni kwa sauti, wote watie sahihi, na kila memba apewe kopi.

Mtu anayejua fungu lake litahesabiwa vipi anapalilia akiwa na moyo. Anapofunga mfuko wake wa kwanza, aweze kusema ndani yake: hii ni avansi yangu leo, na baadaye kuna kitu kitakachorudi, na ninajua namna ya kukihesabu.